Joho la Malkia na Miguu ya Alhamisi Kuu

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani maana vitabu vya historia havimjui, Uingereza ilikuwa na malkia aitwaye Rozamunda. Mama huyu alimpenda Mungu, na alipenda kuuliza maswali. Kila Alhamisi Kuu alipiga magoti kanisani, akaosha miguu ya wanawake maskini, kama Bwana Yesu alivyowatawadha wanafunzi wake. Akimaliza huvua joho lake la sufu lenye manyoya, akamvika mmoja: yule aliyemwonyesha vizuri zaidi, siku hiyo, upendo wa Bwana. Na baridi ya kule, jamani, si ya mchezo. Kwa maskini, joho lile lilikuwa uhai.

Basi mwaka huo malkia alikuwa na jambo linalomkereketa. Anaosha mguu wa huyu, unanukia maua. Wa yule, maua. Wa mwenzake, maua. Akawaza, "Ama! Maskini wangu hawa wanakanyaga wapi? Mbona yangu mimi hainukii hivi?" Lakini utamuulizaje mgeni habari za harufu ya miguu yake mbele ya askofu? Akaendelea kuosha.

Akafika kwa mwanamke aitwaye Edita, mkata kuni wa kinamasini. Lo! Tope hadi magotini, visigino vimepasuka, na harufu ilimfanya askofu ainue macho aanze kukagua dari.

"Mama, umetoka wapi wewe?" malkia akauliza.

"Nimetoka walikotoka wenzangu, Mtukufu," Edita akajibu. "Ila wao walipitishwa kwa dobi wako, wakaoshwa kwanza. Mimi nilikataa. Nilisema, malkia ameniita anioshe. Nikienda safi, ataosha nini?"

Dobi wa ikulu, Bi Agnesi, alikuwa kasimama nyuma ya nguzo ameshika mataulo. Malkia akamgeukia.

"Agnesi, ni kweli?"

"Kweli tupu, Mtukufu. Kila mwaka nawasugua kwa maji moto na majani ya kunukia kabla hujafika. Nilichelea usije ukatapika mbele za watu, ukaaibika."

Kumbe! Miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa anaosha miguu iliyokwisha kuoshwa! Aliona haya, akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini hakuinuka. Alikunja mikono ya nguo, akaushika mguu wa Edita, akasugua. Kichefuchefu kikampanda, akakimeza. Maji yakawa meusi, yakamwagwa, yakaletwa mengine, nayo yakawa meusi. Tope likamrukia usoni, likamchuruzika hadi viatuni. Alipomaliza akaubusu mguu ule, na moyo wake ukawa mwepesi ajabu.

Akabaki mmoja tu, mjane aitwaye Hilda. Malkia akasogeza beseni. Hilda akairudisha miguu yake chini ya kiti.

"Yangu ni safi, Mtukufu. Bi Agnesi alishaiosha. Mwenye tope sasa ni wewe. Hebu kaa hapa, nikuoshe."

Watu wakaguna. Malkia aoshwe na ombaomba! Lakini Rozamunda alikaa, akavuliwa viatu. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu kwa viatu vya kubana, na hakuna aliyewahi kumpa pole. Hilda akaviosha taratibu, akavikausha kwa shali yake, na shali yenyewe ndiyo hiyo hiyo moja. Ikalowa chapachapa.

Haya, ikafika saa ya joho. Malkia akalivua.

Edita akasema, "Ni langu hilo. Mimi ndiye niliyekuletea ukweli. Bila tope langu ungezikwa hujaosha mguu wa mtu hata mmoja."

Wengine wakanong'ona, "Huo ni ukweli au ni ujeuri?"

Agnesi akatoka nyuma ya nguzo, akanyoosha mikono iliyochanika kwa maji na sabuni. "Sikuitwa hapa kama maskini, Mtukufu, lakini baridi hainibagui. Miguu yote uliyosifiwa kwayo niliiosha mimi. Sikudai hata asante. Leo nadai."

Wakanong'ona tena, "Na kumficha malkia je? Huo nao ni upendo?"

Hilda hakudai kitu. Alisimama na shali yake mbichi, meno yakigongana. Malkia mwenyewe akamsemea: "Katika wote waliooshwa leo, ni huyu pekee aliyemwosha mwenzake." Nyuma kule mtu akacheka kwa pua: "Mjanja huyo! Si alishaona joho liko karibu kuvuliwa?"

Rozamunda alisimama peku katikati yao, joho mkononi, na baridi imeanza kumng'ata yeye pia. Alikuwa amedanganyika miaka mingi na miguu inayonukia maua. Aliogopa, kwa kweli aliogopa, kukosea tena. Akamtazama askofu, askofu akarudi kwenye dari yake.

Basi, mpaka leo yuko hapo anangoja mtu wa kumsaidia. Na wewe wa benchi la nyuma uliyeinua mkono upesi hivyo, vua kwanza viatu tuione miguu yako. Umevua? Haya tuambie: joho lile, nani alistahili kuvikwa?