Mechi za Mbonea na Wimbo wa Mama

Nafasi uliyomnyima mzima, maiti haihitaji. Mmemsikia baba yenu akimwambia ndugu yenu Elinami maneno hayo, baada ya Elinami kumkatia bibi simu, nanyi mnaniuliza mimi shangazi yenu yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Methali hii ilianzia hapahapa Same, kwa mtu mwenye kompyuta.

Mtu huyo ni Mbonea, wa kwanza mtaani kwetu kutia kwenye kompyuta kadi ya kunasa televisheni. Unaipangia siku, saa na stesheni, unakwenda zako; saa ikifika inarekodi yenyewe. Ubora pia unachagua. Wa juu unang'aa lakini unakula diski. Wa chini, picha inabanwa mpaka inaenea penye upenyo wowote. Diski ya Mbonea ilijaa mpira. Ligi nzima, kwa ubora wa juu, hata zile mechi za suluhu ambazo hakuna aliyezikumbuka.

Mama yake, Bi Nakunda, aliishi milimani. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akiujua wimbo wa kufungulia ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Watu wa televisheni walipanda kumrekodi akiimba, naye akashuka mjini kumwambia mwanawe.

"Jumatano wananionyesha. Nije tutazame?"

"Usijisumbue, mama. Kompyuta itakushikia. Uje Jumapili."

"Mwanangu, huo wimbo nataka wabaki nao wajukuu. Mimi ni wa leo na kesho."

"Watabaki nao, mama."

Mbonea akapanga kipindi. Kompyuta ikamwonya kwamba nafasi ni ndogo. Angefuta mechi moja tu, ingetosha. Hakufuta. Akashusha ubora wa kipindi cha mama hadi chini kabisa, kikaenea, naye akajiona mjanja.

Jumapili Bi Nakunda alikuja amevaa kitenge kipya, akawekewa kiti mbele ya kompyuta. Alichoona ni vibonge vya rangi vikisogea, na sauti kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Hakuna neno hata moja la wimbo lililosikika.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, mama. Imebanwa kidogo, nafasi ilikuwa haba."

Kipindi kikaisha, kompyuta ikajiendea kwenye mechi iliyofuata. Bi Nakunda akasogeza kiti.

"Na hawa, mbona nawaona hadi jasho?"

Mbonea akaizima kompyuta.

"Haya, si kitu," mama akasema. "Washa hicho chombo chako. Niko hapa, nitaimba tena."

"Ligi ikiisha, mama. Nitafuta hizi, nafasi itakuwa tele."

Bi Nakunda akafunga kitenge chake vizuri, akaaga, akarudi milimani. Mwisho wa ligi hakuuona. Walimkuta shambani, jembe likiwa pembeni yake.

Mbonea alikimbilia stesheni, wakamwambia ule mkanda umekwisha kurekodiwa kipindi kingine. Akarudi nyumbani, akafuta mechi zote. Kwenye matanga akawa anamshika mkono kila anayeingia, analia: "Nimefuta zote. Diski nzima sasa ni ya mama."

Mjomba wake, Mzee Kiondo, mdogo wa marehemu, akamuuliza, "Umemwekea nini humo?"

"Hakuna kitu, mjomba. Iko tupu."

Mzee Kiondo akautoa mkono wake. Hakumpa hata pole. Akamwambia yale maneno mbele ya watu wote, na watu wakaondoka nayo.

Ndiva yetu bado hufunguliwa kila msimu, lakini hufunguliwa kimya. Maji yanatoka, watu wanatazamana, hakuna wa kuanzisha wimbo. Mimi inaniuma hadi leo.

Acha kuinamisha kichwa, Elinami. Bibi yako bado yuko hai na simu unayo mkononi. Nafasi uliyomnyima mzima, maiti haihitaji.