Mota Iliyokufa kwa Kiu

"Mota haifi kwa kazi, hufa kwa kiu." Mmemsikia bibi yenu akisema hivyo alipowapelekea vibarua uji shambani, nanyi mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka hapa hapa kijijini, na mjinga wake ni mimi.

Nilikuwa msimamizi wa pampu ya sola, kijana wa kujisifu kweli. Mota ilikuwa imezamishwa ndani ya kisima kirefu, paneli ziko juu, nami nilikuwa na wimbo mmoja: jua ni la bure. Nilikuwa naiwasha asubuhi, siizimi mpaka jua lizame. Mchana bomba likianza kukohoa na kutema hewa, nilisema mota inapumua. Kiangazi cha kwanza ikaungua. Cha pili ikaungua nyingine. Nikalaumu jua kali, nikalaumu na kiwanda.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Nyemo, huyo bibi yenu. Mama yake alipoona mota ya tatu inataka kushushwa, aliniita mbele ya watu.

"Mazoya, hii ikiungua, posa yako uisahau. Mwanangu harudi kuchota maji korongoni kwa ajili yako."

"Mama, jua la hapa ndilo linaloua mota."

"Jua linaifikiaje huko chini? Sisi korongoni tulifukua mchanga, tukachota kata tano, kisha tukakaa tukasubiri maji yajikusanye. Wewe unasubiri saa ngapi?"

Fundi aliyekuwa akiunga nyaya aliweka koleo chini, akacheka. "Mama amemaliza. Maji ndiyo yanayoipoza mota. Yakishuka chini yake, inazunguka kavu mpaka inaungua." Akafunga kifaa cha kuizima maji yakipungua na kuiwasha yakirudi.

Kiangazi kile mota ilipumzika kila adhuhuri, mimi nikakonda kwa wasiwasi. Mvua za kwanza zikaikuta nzima. Jamani, nilifurahi! Nilicheza peke yangu pale kwenye tangi, watu wakadhani nimerukwa na akili.

Siku ya harusi kila mgeni alinitaka: huyu nimsalimie, yule nicheze naye, na tangu alfajiri sijaonja kitu. Mama mkwe akapenya katikati ya ngoma na kata ya togwa, akapaza sauti:

"Mwacheni anywe kwanza! Mota haifi kwa kazi, hufa kwa kiu."