Mguu Hupimwa Umebeba Mwili

…tena nilikuwa kiti cha nyuma kabisa cha gari, beseni la maparachichi mapajani, kwa hiyo msiniambie methali ile imetoka kwa wahenga! Wahenga gani? Imetoka hapa hapa Soni, kinywani mwa baba yangu, na siku ilipogeuka methali mimi nilikuwepo.

Mguu hupimwa umebeba mwili. Mmemsikia Mama asubuhi akimwambia dada Sharifa, alipokuja kutupa habari za mchumba mpole ambaye hajawahi kumwona amekasirika hata mara moja. Mama akamjibu kwa maneno hayo manne, akaendelea kuchambua mchele, nanyi watoto wa shangazi mkabaki mnatazamana. Basi sogeeni, niwaeleze ilivyoanza.

Baba yangu, mjomba wenu, ni fundi viatu, hilo mnalijua. Lakini hamjamwona akipima. Anakusimamisha juu ya kipande cha boksi, mguu wazi, anauzungushia penseli, kisha anaandika jina lako pembeni. Ukimwomba akupime umekaa kwenye stuli kwa kuwa umechoka, anakataa. Anasema mguu uliopumzika ni mwongo. Ukibeba mwili unatanuka, na huo uliotanuka ndio utakaotembea na kiatu. Wateja wote wa Soni wameshahubiriwa jambo hilo mpaka wamelichoka.

Sasa mwaka juzi Bibi alikuwa na ombi moja tu kwa Baba: ampeleke Handeni akamwone mdogo wake, Bibi Mwantumu. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Kwenye basi Bibi hawezi kukaa kwa sababu goti lake halikunjiki, na habari zilikuwa zimefika kwamba macho ya Bibi Mwantumu yanafifia, mwezi huu yanaona kuliko mwezi ujao. Bibi hakutaka kufika akapapaswe kama mgeni. Alitaka aonwe.

Gari tulikuwa nalo, hili jeupe la viti saba. Tatizo matairi yalikuwa vipara, yaani ukipitisha kiganja unateleza. Mama alisema yanunuliwe mengine kama yale yale, basi. Baba akashuka Korogwe peke yake, na alasiri akarudi gari likimeremeta chini kama limevaa bangili. Alikuwa ameweka matairi mapya na rimu mpya, pana, za kung'aa, zilizotoka kwenye gari kubwa kuliko letu. Dukani aliuliza swali moja tu, kwamba rimu hizo zina matundu mangapi ya nati. Matano. Na za gari letu? Matano. Akaona ameshapima. Rimu zetu za zamani alizirudisha nyuma ya gari kama mizigo isiyo na mwenyewe, akazitelekeza kwa Fundi Mwanaidi, yule fundi magari wa hapa Soni.

Majirani walikuja kutazama. Mama aliuliza kama kweli zinalienea gari, akajibiwa matundu matano. Na baadaye sana Baba alikiri kwamba wakati anapanda mlima, kwenye kona kali, alisikia kitu kinakwaruza. Akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi ikafika. Tukaingia sote saba. Bibi alikaa mbele na kanga mpya, ameshampigia simu mdogo wake kumwambia leo nakuja, usilale mchana. Sisi wengine nyuma na ndizi, viazi, na lile beseni langu. Baba akapita kwanza kwa Fundi Mwanaidi kujaza upepo. Upepo ulikuwepo, tusidanganyane. Alitaka rimu zionwe.

Kwa Mwanaidi ni padogo, kwa hiyo ili aingie Baba alizungusha usukani mpaka mwisho. Ndipo tukasikia chini yetu sauti kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko cha chuma. Mwanaidi aliweka kikombe chake chini, akalala ubavu kwenye vumbi, akapenyeza mkono nyuma ya tairi la mbele. Alikaa hivyo muda. Kisha akamwita Baba bila kuinuka.

"Shekiondo, zima gari. Njoo uone."

"Kokoto hiyo, Fundi."

"Kokoto gani inakula mpira wa breki?"

Baba alipiga magoti na suruali yake ya safari. Mimi nilichungulia dirishani. Tairi lilikuwa pana mno, limesugua ndani ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, mpaka limechora mfereji, na ule mpira mwembamba unaopeleka mafuta ya breki ulikuwa umechunika upande mmoja. Na sisi tulikuwa tunakwenda kuteremka Mombo, jamani. Mnaijua ile barabara, mlima huku, bonde kule, kona juu ya kona. Pale bila breki hakuna hadithi ya kusimulia.

Baba alijitetea kwamba tangu juzi anaendesha na gari halijagusa popote.

"Juzi ulikuwa na nani ndani?" Mwanaidi akauliza.

"Peke yangu."

Mwanaidi alitutazama sisi sita tuliobaki ndani na mkungu wa ndizi. Akavua kandambili ya kazini, akachomoa viatu vyake vya ngozi chini ya meza, akavishika mbele ya uso wa Baba. "Hivi ulinishonea wewe. Ulinipima nimekaa?"

Baba akavipokea, akaanza kukagua soli.

"Nijibu, fundi mzima."

"Nilikupima umesimama."

"Kwa nini?"

Hapo Baba akaligeukia tairi. Aliyejibu ni Bibi, kutoka kiti cha mbele, anatazama barabarani. "Mguu hupimwa umebeba mwili. Maneno yako hayo, mwanangu. Gari ulilipima limekaa."

Hakuna aliyecheka, hata Mwanaidi. Baba alisimama akajipangusa magoti, na nilimwona akiiangalia ile barabara ya kushuka, kisha akatuangalia kiti kwa kiti, mmoja mmoja, kama anayehesabu watoto waliotoka kuogelea. Akasema hatuendi. Bibi alishuka mwenyewe, goti na yote, akaomba simu. Alimwambia mdogo wake kwamba miaka sita amengoja, angoje na usiku mmoja. Alipokata simu alijifunika uso kwa kanga kidogo, halafu akaomba chai.

Mwanaidi akafungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kidogo cha maandishi. Mimi msomi wenu wa chuo nilikuwa nakiona miaka yote nikidhani ni salamu za waliolitengeneza gari. Kumbe pale gari linajieleza lenyewe: upana wa tairi, kimo chake, ukubwa wa rimu, na upepo wa kujaza likiwa tupu na likiwa na watu. Likiwa na watu, wadogo zangu, imeandikwa! Baba aliomba kipande cha boksi, akanakili kila tarakimu kwa penseli, na pembeni akaandika "Gari", kama anavyoandika majina ya wateja. Mwanaidi akamwongezea mambo mawili: tairi liwe na namba ya kubeba uzito isiyopungua ya zamani, na atafute ubavuni tarakimu nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa, maana tairi linaweza kuzeeka likiwa dukani halijawahi kuona barabara. Rimu, alisema, tunazo. Zile zile nyeusi za zamani hazina kosa lolote.

Tukadandia pikapu ya kabichi mimi na Baba, na magurudumu manne ya kung'aa miguuni. Kule Korogwe muuzaji alikubali kuyachukua, kwa masharti yake. Kisha akaleta matairi ambayo, alisema, ni karibu sawa na yaliyoandikwa. Baba akaweka boksi lake juu ya meza.

"Karibu sawa ndiyo inayotoa malengelenge," akasema.

Tulikataa mawili kwa sababu ya mwaka, tukakataa mengine kwa uzito. Nilikuwa nainama kusoma zile tarakimu na Baba anafuatisha kwa penseli, na ningeweza kumbusu kichwani kwa jinsi alivyokuwa hana haya tena. Mwisho tukapata manne yanayolingana na boksi kila mstari. Meusi, ya kawaida, hayamvutii hata mbuzi.

Jioni haijaingia tulikuwa tumerudi. Mwanaidi aliyafunga kwenye rimu zetu za zamani, akabadilisha pia ule mpira wa breki. Halafu akatuamrisha tuingie tena sote, na ndizi, na viazi, na Bibi mbele. Akamwambia Baba azungushe usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Yeye amelala chini, sisi tumetega masikio. Tulisikia injini tu.

Asubuhi ya Jumapili tukateremka. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha, na katikati ya kona moja tukakuta lori la mbao limesimama limeziba njia nzima. Baba akakanyaga breki. Gari likasimama, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mama alitamka alhamdulillahi na mimi nikaitikia, na mpaka leo nikipita kona ile naitikia tena peke yangu. Nawaza ingekuwa jana yake. Nawaza Mwanaidi angekuwa mtu wa kusifia rimu na kupokea hela ya upepo.

Handeni tulimkuta Bibi Mwantumu mlangoni, uso umeelekezwa kwenye sauti ya gari. Bibi alikataa kushikwa mkono. Alienda mwenyewe, akasimama mbele ya mdogo wake, asiseme neno. Bibi Mwantumu akamshika mashavu, akamsogeza karibu, karibu zaidi, mpaka pua zikakaribia kugusana, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Umezeeka, dada," akasema. "Nakuona."

Tangu hapo maneno yale yakatoka kwenye kibanda cha viatu yakaenda yenyewe. Mwanaidi anawaambia wenye magari. Walimu wanayasema kwa mtoto anayejisifu kabla ya mtihani. Na leo asubuhi Mama akampa Sharifa, ili amwone kwanza huyo mpole wake siku ya shida.

Alichojibu Bibi pale mlangoni nitawaambia kesho tukichuma maharage, maana ni matani ya ndugu wa tumbo moja na Mama hayuko mbali. Kwa leo chukueni haya: mguu hupimwa umebeba mwili.