Hori Lisilojaa

Hapo zamani za kale, na mtulie basi, sisemi mara mbili, Tembo alikizungushia kisima uzio wa miiba akasema ni chake. Kila mnyama akapimiwa kibuyu kimoja kwa siku. Kuku kibuyu kimoja, mbuzi kibuyu kimoja, na ng'ombe wa maziwa wa Mama Nguchiro naye kibuyu kimoja!

Jamani, ng'ombe anayekamuliwa atafanya nini na kibuyu kimoja? Kiwele kilinywea. Watoto watano wa Nguchiro wakalala njaa.

Mama Nguchiro mbio hadi kisimani.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Ng'ombe wangu anakufa kwa kiu!"

"Marahaba. Maji mengi yatafanya maziwa yawe mepesi. Nenda zako!"

"Kumbe! Mimi nilidhani unaliogopa hori lake."

"Naogopa? Mimi?"

"Majirani wanasema mkonga wako hauwezi kulijaza."

Tembo alitanua masikio. "Hori la ng'ombe? Safari mbili tu!"

"Ukilijaza kabla jua halijazama, mchukue ng'ombe. Ukishindwa, ng'oa uzio."

"Haya! Nakuja sasa hivi."

Weee! Mama Nguchiro alitoka mkuku. Akatoboa hori kwa chini, akachimba, kwaru kwaru kwaru, shimo refu chini yake. Mnamjua nguchiro kwa kuchimba.

Tembo akaja. Pwaaa! Ng'ombe akanywa, gudu gudu gudu, na mengine yakapotelea shimoni. Hori tupu! Tembo akarudi kisimani. Pwaaa! Tupu! Akaenda, akaja, akaenda, akaja.

"Huyu ng'ombe ana matumbo mangapi?"

"Ndiyo kiu yake hiyo, mzee."

Lakini shimo nalo lina mwisho. Likajaa! Maji yakaanza kupanda horini. Mama Nguchiro akaingiwa na hofu, maana hila imekwisha na ng'ombe anaondoka.

"Bado safari moja!" Tembo akacheka, akakimbia kisimani.

Ng'ombe akainamisha kichwa. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa na kiu ya siku nyingi tu. Gudu gudu gudu! Tembo aliporudi, pwaaa, maji yakafika katikati ya hori, na jua likazama.

Aling'oa uzio kwa mkonga wake mwenyewe, huku akinung'unika.

Kesho yake watoto watano wa Nguchiro walikunywa maziwa mpaka wakacheua.

Ukimpimia ng'ombe maji kwa kibuyu, naye atakupimia maziwa kwa kijiko.