Jimu ya Kiboko Ilivyojaa Mapambo

Paukwa.
Pakawa.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo mawili mawili.
La kwanza la nini?
La kusikilizia.
Na la pili?
La kumpelekea ambaye hakuja.

Haya, hapo mmenena. Sogeeni basi, maana habari hii sikuokota njiani. Nimepewa na Nguchiro mwenyewe, na Nguchiro mnamjua, mdomo wake hauna breki.

Palikuwa na bonde. Ndani ya bonde palikuwa na pango. Ndani ya pango palikuwa na maji ya moto yanatoka chini ya jiwe, yanachemka taratibu, bwata bwata bwata, na mvuke unapanda, fuu, fuu, fuu. Pango hilo la Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mdogo, mnene mnene, kama panya aliyesahau mkia nyumbani. Bibi yake alikaa hapo, mama yake alikaa hapo, na yeye anakaa hapo.

Asubuhi wanyama wadogo wote wanakuja kufanya mazoezi. Nguchiro ananyanyua mawe. Kindi anaruka kamba. Kobe ananyoosha shingo, anaitoa asubuhi, anairudisha jioni. Wakichoka wanakaa kwenye mvuke wanajifukiza kama wazazi wa arobaini, jasho linatiririka, na habari za watu zinapita hapo moja baada ya nyingine. Mapambo hakuna. Jiwe, mvuke na umbea, raha mustarehe.

Sasa Pimbi alikuwa mjamzito. Na mimba ya pimbi si mchezo, miezi saba, na mwenyewe ukimbeba ni kama umebeba kikapu cha nyanya. Zilibaki wiki tatu ajifungue, na kipupwe ndicho hicho kinapiga hodi. Kipupwe cha bonde lile kinauma. Mtoto wa pimbi akizaliwa kwenye jiwe la baridi hafiki siku ya tatu. Basi Pimbi kila siku anapapasa jiwe lake la moto, anaambia tumbo, "Hapa, wanangu. Mtalala hapa."

Siku moja wakasikia: ti. Ti. Ti.

Kobe akarudisha shingo kabla ya jioni.

Alikuwa Kiboko. Tumbo limetangulia, mwenyewe anafuata nyuma. Na huyu mto mzima ni wake. Kina chake, kingo zake, matete yake, mpaka povu lake. Lakini alikuwa amesikia kwa ndege kwamba kuna mahali wadogo wanakwenda wanatoka wembamba, ngozi inang'aa. Roho ikamuuma. Kitu kizuri kiwepo, halafu kisiwe chake?

Akasimama mlangoni, mlango wote ukawa giza.

"Nani yumo humu?"

"Ni mimi Pimbi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Toka."

"Nitoke niende wapi, baba, na hali yangu ndiyo hii unaiona?"

"Hali yako nimekupa mimi? Toka. Kuanzia leo hii ni jimu yangu. Nina kitambi, nataka kukitoa."

"Tufanye wote basi, baba. Wewe asubuhi, sisi jioni."

"Mimi asubuhi," Kiboko akasema, "na mimi jioni."

Wakatoka. Wangefanyaje? Nguchiro akatoka na jiwe lake kwapani. Pimbi akatoka anashika mgongo. Wakakaa juu ya mwamba, upepo unawapuliza, fyuu, na ndani wanasikia Kiboko anaanza mazoezi. "Moja, haah. Mbili, haah." Halafu kimya. Halafu anakoroma.

Nguchiro akasema, "Shoga, twende tukamshtaki kwa Tembo."

"Tembo atasema yaishe, wakubwa hawagombani kwa ajili ya pango la pimbi."

"Basi tumng'ate."

"Umng'ate wapi, Nguchiro? Ile ngozi ukiing'ata leo, atakuja kuhisi keshokutwa."

"Basi ndiyo umekubali? Watoto utawazalia wapi?"

Pimbi akageuka. Akaangalia pango, akaangalia tumbo lake, akaangalia mlango. Kisha akasema, "Mlafi humtoi kwenye chakula kwa kumnyang'anya sahani. Mjazie."

Nguchiro hakuelewa. Mimi mwenyewe aliponihadithia hapo sikuelewa, nikamwambia endelea.

Asubuhi Pimbi akaenda mlangoni. Akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, mwanamke yule, na uso haukumbadilika.

"Hodi, baba."

"Nimeshakwambia nini?"

"Sikuja kukaa, baba. Nimekuja kwa ajili ya heshima yako. Watu wanasema huko nje."

Hakuna mkubwa asiyetaka kujua watu wanasema nini huko nje. Kiboko akatoa kichwa.

"Wanasema nini?"

"Wanasema mtu mkubwa kama yule anafanya mazoezi kwenye pango tupu kama popo. Chini mawe, ukutani mawe. Sisi wadogo tulikuwa tunajisitiri tu, hatuna uwezo. Lakini wewe, baba? Jimu ya mtu mzima inatandikwa. Inapambwa. Inawekwa vioo, ujione misuli."

Kiboko akageuka akatazama pango. Akaona kweli, tupu.

"Nani anajua kupamba?"

"Mimi nalijua pango hili kila kona. Wewe tangaza tu ufunguzi, watu walete hidaya, mimi nitapanga."

Sasa nisikilizeni. Bonde lile lina desturi yake, mkubwa na mdogo wanaifuata. Mtu akifungua nyumba analetewa hidaya. Na hidaya ya ufunguzi ikishaingia ndani, mwenye nyumba haitoi, wala haiachwi bila mtunzaji. Akiitoa, ni kama amemtoa aliyeileta. Hatasalimiwa. Hatazikwa. Akiwa na harusi atapika, atapakua, atakula mwenyewe. Kiboko desturi hiyo aliijua vizuri, na aliipenda, kwa sababu aliisikia upande wa kuletewa tu.

Akatangaza. "Kila mtu alete. Asiyeleta nitamkanyaga."

Siku ya kwanza ikaja mikeka. Mikeka ya ukili, majamvi, mabusati. Pimbi akatandika mmoja, akatandika wa pili, akanyoosha, akasimama kashika kiuno.

"Sakafu imependeza, baba. Inatosha."

"Inatosha kwa nani? Ongeza."

Akaongeza. Mkeka juu ya jamvi, busati juu ya mkeka. Sakafu ikapanda, na paa, maskini, halina pa kwenda. Kiboko akaingia, akakanyaga, akasikia ulaini, akasema, "Hapo sasa." Mgongo ukagusa juu kidogo. Kwaru. Hakujali.

Siku ya pili yakaja magodoro ya sufi. Pimbi akayasimamisha ukutani, ili baba akijinyoosha asijigonge.

"Kuta zimependeza, baba. Inatosha."

"Inatosha kwa nani? Ongeza."

Akaongeza. Godoro mbele ya godoro, kulia na kushoto. Kiboko akaingia, ubavu ukagusa huku, ubavu ukagusa kule. Fwata, fwata. Akasema, "Kama nimekumbatiwa."

Siku ya tatu vikaja vioo, kila kimoja na fremu ya mninga nene kama mlango wa msikiti. Pimbi akaweka kimoja.

"Unajiona, baba. Inatosha."

"Najiona mbele tu. Nyuma je? Inatosha kwa nani? Ongeza."

Akaongeza cha nyuma, cha kulia, cha kushoto. Na siku zile zote Pimbi akimaliza kupanga anapita katikati ya vitu, taratibu, na tumbo lake, anaona anapita. Anatoka.

Nje kipupwe kimefika. Usiku watoto wanacheza tumboni, na Pimbi analala juu ya mwamba kajikunja, Nguchiro kamlalia mgongoni ampe joto. "Shoga," Nguchiro anasema, "zimebaki siku ngapi?"

"Chache."

"Na Kiboko je?"

"Bado kidogo."

Siku ya nne mambo yakataka kuharibika. Pimbi yuko mlangoni anapokea vigoda na vyetezo, akasikia ndani kwaru, fwata, kwi. Kisha sauti ya Kiboko, ya chini, ile ambayo si nzuri.

"Pimbi. Njoo hapa."

Akaenda.

"Mbona nabanwa?"

Pimbi akaweka chini kigoda alichoshika. Sura, kavu.

"Unabanwa wapi, baba?"

"Mabegani. Ubavuni. Mgongoni. Jimu hii imepungua."

"Jiwe linapungua, baba? Umewahi kuona jiwe linakonda?" Akasogea, akamtazama juu mpaka chini, akamzunguka kadiri nafasi ilivyomruhusu. "Kumbe. Na mimi nilikuwa najiuliza mbona leo umesimama vingine. Hayo ni mazoezi, baba. Yamekukubali. Mwili wa mazoezi unatanuka kwanza. Kifua kinafunguka, mabega yanakwenda huku na huku. Jitazame."

Kiboko akajitazama kwenye kioo cha mbele. Akavuta pumzi. Kwi.

"Kifua, eh?"

"Wenzio wanatafuta kifua hicho miaka."

Akajitazama kwenye kioo cha kulia, akashindwa kugeuza shingo kuona cha kushoto.

"Basi kesho ni ufunguzi," akasema. "Waje wakione. Na Tembo hajaleta kitu bado. Mwambieni alete."

"Tembo tumuache, baba, ni mkubwa sana, na hidaya yake itakuwa kubwa sana. Vilivyopo vinatosha."

Mnajua alijibu nini. Msiniambie hamjui.

Kesho yake bonde zima likaja. Tembo akaja na godoro lake, sufi ya mwaka mzima, limefungwa kwa kamba tatu. Pimbi akaelekeza, "Katikati hapo, baba Tembo, sukuma." Tembo akasukuma kwa paji la uso. Pfuuu. Godoro likaingia, likatulia, na pale katikati pakabaki njia moja nyembamba mpaka kwenye jiwe la moto.

Kiboko akafika amejipaka tope la kung'aa. Akasalimia. Akasema, "Sasa mtaona mtu anavyofanya mazoezi." Akaingiza kichwa. Akaingiza shingo. Akaingiza mabega nusu.

Kwi.

Akasukuma. Kwi, kwi. Miguu ya nyuma inachimba, vumbi linaruka, kimkia kinazunguka kama kinaita mtu. Bonde zima limesimama linatazama makalio ya Kiboko, hakuna anayejua aangalie wapi.

Tembo akauliza kwa adabu, "Bwana Kiboko, umeingia?"

Ndani ikatoka sauti ya godoro. "Nimeingia."

"Umeingia mpaka wapi?"

"Mpaka panapotosha."

Nguchiro akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Neno hilo, bila "kwa nani" nyuma yake, ndiyo mara ya kwanza bonde lile kulisikia kinywani mwa Kiboko.

Kiboko akajivuta nyuma. Akavuta, akavuta, pwop. Akatoka, pua nyekundu kwa mvuke, sikio moja limebaki limekunjwa. Akatazama vitu. Atoe godoro? Tembo huyo hapo, kasimama. Atoe kioo? Nyati huyo, ndiye aliyekileta. Atoe hata kamkeka kadogo? Mwenye kamkeka naye yupo, na shangazi zake wanne. Kila kitu kina mwenyewe, na kila mwenyewe anamtazama usoni. Jasho likamtoka, lile la mazoezi lilikuwa halijamtoka hata siku moja.

Hapo akajitokeza Pimbi.

"Wazee, msimtazame hivyo baba. Mtu akivaa kanzu ikambana, ni kwamba amekua. Baba alisema atafanya mazoezi. Amefanya, amemaliza, mabega hayo mnayaona wenyewe. Jimu gani tena itamtosha?"

Kiboko akamtazama Pimbi. Sijui alielewa, sijui hakuelewa. Nguchiro anasema alielewa nusu, ile nusu iliyoweza kupita mlangoni.

"Nimemaliza," akasema. "Mazoezi yote. Mwili huu sasa ni wa mto."

"Na vitu hivi vyote?" Tembo akauliza. "Hidaya haiachwi peke yake. Lazima akae mtu humo ndani avitunze."

"Akae anayeenea," Kiboko akasema, na keshaanza kuondoka.

Wakatazamana. Swala akajaribu, pembe zikakataa. Ngiri akajaribu, meno yakakataa. Pimbi akavuta pumzi, akaingia kiubavu, na tumbo lake, taratibu, katikati ya magodoro mpaka kwenye jiwe la moto. Akakaa. Kama alipimiwa na fundi.

Usiku uleule akajifungua. Watatu, wazima, kwenye sufi ya Tembo, na mvuke unapanda, fuu, fuu. Asubuhi Kindi akarudi na kamba yake, Nguchiro akarudi na jiwe, na sasa akilinyanyua anajitazama kwenye vioo vinne, hatuli wala hatulali kwa habari za misuli yake. Na Kiboko? Mtazameni mpaka leo. Mchana kutwa yumo majini, katoa macho na pua tu. Watu wanasema anaogopa jua. Haogopi jua. Anaogopa kuulizwa kuhusu kifua.

Nami hapa nimeitua. Ikiwa tamu, mmeisikia kwangu. Ikiwa chungu, mmeisikia kwa jirani.

Na funzo lake ni hili, mkawafundishe watoto: tamaa haina faida hata kidogo. Ila kama Kiboko asingekuwa na tamaa, wale watatu wangezaliwa juu ya jiwe tupu. Kwa hiyo Mungu akikujaalia jirani mwenye nguvu na mlafi, usimchukie, ni baraka hiyo. Mpelekee mkeka mmoja, kisha mwambie unatosha.