Hodi ya Mwanakheri Korongoni

Alikuwako Sultani Fadhlun bin Idarusi, mtawala wa Shangazuri, mji uliojaaliwa ajabu isiyo na kifani: maporomoko ya maji ya rangi saba, yaliyoimba kama zumari kila jua lilipochomoza. Lakini maporomoko hayo yalikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo lilikuwa na jini, na kila daraja lililojengwa jini alilivunja kama kijiti. Wageni walifika ukingoni, wakasikia kwa mbali, wakarudi makwao, na nyumba za wageni zikafungwa, na mji ulioishi kwa wageni ukakosa riziki, hata Sultani akaamuru uhamwe.

Ndipo Mwanakheri, binti wa Bi Saumu mwenye nyumba ya wageni ya mwisho, akaingia barazani, akasema, "Bwana wangu Sultani, niruhusu niende kwa jini."

Waziri akacheka. "Askari wangu wamerudi bila hata viatu! Wewe utakwenda na nini, sinia la vitumbua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa Waziri. Haifai kwenda kwa watu mikono mitupu."

Akaenda na sinia lake, akavua makubazi ukingoni, akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Jini akachomoza, kichwa mawinguni. "Umesema nini?"

"Nimepiga hodi, babu. Kwani hapa si kwako?"

Jini akaduwaa, kwani tangu azaliwe watu walimkanyagia kwake bila salamu, na kabla hajawaza ulimi ukamponyoka: "Karibu, mjukuu wangu." Akajiuma midomo, lakini neno lilishatoka, na kwa majini kama kwetu, aliyesema karibu hazuii mlango. Akapokea sinia, akala, akasema, "Haya, pita."

"Nipite wapi, babu, na hapana pa kukanyaga? Tena nina wenzangu nyuma."

"Wangapi?"

"Kila apendaye kuja."

Jini akacheka hadi majabali yakatikisika. "Umenipata, mtoto we!" Akatandika mkeka wake juu ya korongo, nao ukageuka daraja la mawe, na ncha yake ikakimbia hadi bandarini ikawa barabara pana ya ngamia wanne sambamba.

Wageni wakamiminika kutoka kila pembe, nyumba zikafunguliwa, masoko yakafurika, na Sultani akaifuta amri yake. Mwanawe Haidari akapeleka posa, na Mwanakheri akataka mahari yake iwe barabara ya pili, ya kwenda mapango ya kusini, mazuri nayo lakini hayana njia. Ikajengwa, na arusi ikapita juu yake kwa ngoma na vigelegele.

Nawe uliyesikia, jua kwamba uzuri wa nchi usio na njia huufaidi ndege peke yao.