Koa Aliyeanikwa Juani

Hapo zamani za kale, watoto, viumbe wa baharini walipokuwa bado wakibishiana hodi, palikuwa na Koa, konokono asiye na gamba. Urefu wake ukucha wa kidole gumba, rangi yake kijani kama mchicha. Aliishi katika kidimbwi cha mwambani, na humo alikuwa ametaga mayai: utepe mweupe ulionata jiweni, usiobanduka.

Siku moja, chubwi! Pweza akaingia.

"Hodi."

"Umeshaingia, Bwana Pweza."

"Basi wewe toka. Nahamia mimi."

Koa akayatazama mayai yake. Akiondoka leo, kesho mayai yameliwa. Lakini sauti hakuipandisha.

"Sawa, bwana. Ila hapa maji yakipwa hakuna chakula. Na mwili wote huo, njaa utaiweza?"

"Njaa!" Pweza akageuka mwekundu. "Mama yangu alilinda mayai mwezi mzima bila kutia kitu kinywani! Kuvumilia njaa ni jadi yetu!"

"Nasikia hivyo. Sijaona."

"Utaona! Tushindane. Atakayetangulia kutia kitu kinywani ahame. Mzee Chaza ataamua."

Mzee Chaza, aliyeganda mwambani tangu ujana wake, akafungua gamba kidogo. "Nipo," akasema. Angekwenda wapi?

"Na wewe Koa, usijifiche kwenye mwani ukala kwa siri. Utakaa juu ya jiwe lile, juani, tukuone sote."

"Juani? Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa!"

Koa akashusha pumzi. "Haya. Mwenye nguvu ni wewe." Akapanda polepole, akajitandaza kama jani.

Sasa sogeeni niwanong'oneze. Koa alipokuwa mdogo alifyonza mwani, na ule ukijani akauhifadhi ndani ya ngozi yake. Jua likiupiga, unampikia chakula, kama majani yanavyojipikia. Pweza hakuuliza. Wenye mikono mingi hawana kawaida ya kuuliza.

Siku ya tatu tumbo la Pweza likaanza: nguru! nguru! Siku ya tano akawa mweupe pe.

"Koa, hujafa tu?"

"Bado, bwana. Jua ni kali kweli."

Siku ya saba Kaa akapita njia yake, kacha, kacha, kacha.

"Hamjambo ja—"

Fyu! Mkono wa Pweza ukanyooka. Kaa hakumaliza salamu.

"Siyo mimi," Pweza akasema, mdomo umejaa. "Ni mkono wa sita."

Mzee Chaza akafikiri sana. "Mkono wa sita ni wa nani?"

"Wangu."

"Na kinywa?"

Pweza akameza. "Changu."

"Hama."

Pweza akakusanya mikono yake yote minane, pamoja na ule wa sita. Alipofika ukingoni akageuka.

"Koa, niambie kweli. Ulikuwa unakula wapi?"

"Pale pale uliponiweka, bwana. Asante."

Kesho yake mayai yakaanguliwa, na Koa akafurahi hadi akatetemeka pembe.

Nami nimefika ukingoni. Mwenye swali amngoje Mzee Chaza afungue gamba. Ila shikeni hili: usimchagulie mwenzako adhabu kabla hujajua riziki yake inatoka wapi.